Shingo Yenye Maradhi Haibebi Mtungi



Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili imo moja ya mama mkulima ambaye ametuomba tusitaje jina lake wala kilima chake. Aeleza kwamba kwa muda wa miaka miwili vidole vya mikono yake yote miwili huamka vimevimba na kukakamaa, hata hawezi kumfungia mwanawe vifungo vya shati mpaka jua lipande. Hivi karibuni maumivu yamehamia shingoni na kisogoni. Kila ainamishapo kichwa, au ajitwishapo dumu la maji, huhisi kitu mfano wa umeme kikimteremka mgongoni mpaka miguuni. Jamaa zake wamegawanyika. Mmoja asema ni husuda ya majirani, wa pili asema ni uvivu, na wa tatu ataka kumpeleka kwa mtu ajuaye kunyosha shingo. Mwishoni mama huyu auliza: je, amwachishe shule binti yake wa darasa la tano ili achote maji badala yake?

Gazeti si daktari, wala halipimi mgonjwa. Hata hivyo yako mambo manne ambayo twaweza kuyajibu bila kusitasita. Kwanza, mama huyo asijitwishe tena mzigo wowote kichwani. Pili, shingo yake isinyoshwe, isikandwe kwa nguvu wala isipindwe na mtu yeyote. Tatu, afike hospitali upesi, wala asingoje mwisho wa mavuno, kwa maana ule umeme anaousikia ni onyo. Nne, binti asiachishwe shule. Sababu za majibu hayo ndizo tutakazozieleza, kwani tunaamini kwamba barua hii moja yasema kwa niaba ya nyumba nyingi.

JINA LINALOPOTEZA

Dalili alizozitaja zafanana na maradhi ambayo watu wa pwani huyaita baridi yabisi. Jina hili ni la zamani, na limewapoteza wengi. Kwa kuwa lina neno baridi, watu hudhani kwamba maradhi haya huletwa na maji ya kisimani, na umande wa alfajiri, au na kufua nguo siku ya mvua. Baridi yaweza kuongeza ugumu wa viungo na kumtia mgonjwa taabu, lakini siyo iliyoleta ugonjwa.

Asili yake ni hii. Mwili wa binadamu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika maradhi haya askari hao hukosea, wakaushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huo huvimba, hujaa joto na maji, na usipotibiwa hula gegedu na mfupa, na kulegeza kano zishikazo viungo. Ndiyo sababu vidole vya mgonjwa wa miaka mingi huonekana vimepinda. Mtu wa umri wowote aweza kupatwa, ila wanawake hupatwa mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Uvutaji wa tumbaku huongeza hatari na kuyafanya maradhi kuwa makali zaidi. Hayaambukizi. Mama awezaye kumbeba mwanawe asizuiwe kumbeba kwa hofu ya kumwambukiza, na chombo alichokulia hakina dhambi yoyote.

Si kila maumivu ya viungo ni maradhi haya. Mzee ambaye goti lake humwuma jioni baada ya kazi, likatulia apumzikapo, huenda ana uchakavu wa kawaida wa viungo. Baridi yabisi ina tabia nyingine: hukaza viungo asubuhi kwa muda wa nusu saa, saa moja au zaidi, hupenda vifundo vidogo vya vidole na viganja, hushika pande zote mbili za mwili, na humchosha mgonjwa kama mtu aliyetoka homani. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mgonjwa akawa na homa, hiyo ni dharura, kwa kuwa huenda usaha umeingia ndani yake. Hapo pasipite hata siku moja bila kumwona mganga wa hospitali.

KWA NINI SHINGO?

Shingo ina pingili saba. Zile mbili za juu zimeumbwa tofauti na nyingine. Ya kwanza ni pete inayobeba fuvu, na ya pili ina jino linaloingia ndani ya pete hiyo, kama nguzo ya mlango ndani ya tundu lake. Karibu nusu ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa kulia na kushoto hutoka mahali hapo. Jino hilo hushikwa na kano imara ili lisisogee nyuma, kwa maana nyuma yake tu ndipo upitapo ugwe mkuu wa mishipa ya fahamu, uchukuao amri kutoka ubongoni kwenda mikononi na miguuni.

Baridi yabisi iliyodumu miaka mingi bila tiba ya kutosha yaweza kuilegeza kano hiyo. Ikilegea, pingili huteleza moja juu ya mwenzake, hasa mtu ainamapo, na ugwe ule hubanwa. Sasa msomaji atafakari. Kichwa cha mtu mzima peke yake chakaribia uzito wa kilo 5. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20 na zaidi. Mwenye shingo nzima huyabeba hayo kila siku, nasi twamsifu. Mwenye kano zilizolegea akiyabeba huuweka uhai wa miguu yake rehani kwa dumu moja la maji.

Dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa ni hizi: umeme uteremkao mgongoni ainamishapo shingo, ganzi au michomo mikononi na miguuni, mikono kuangusha vikombe, miguu kulegea au kuyumba kama ya mlevi, na kushindwa kuzuia mkojo au choo. Daktari atapiga picha ya eksirei, na pengine nyingine mgonjwa akiwa ameinamisha shingo kwa uangalifu chini ya maelekezo yake. Tena, mgonjwa wa siku nyingi akitakiwa kupasuliwa kwa sababu yoyote, amwarifu mapema mtoa dawa ya usingizi kwamba ana maradhi haya, kwani wakati wa kulazwa usingizi kichwa huinuliwa na kurudishwa nyuma. Neno hilo moja laweza kumwokoa.

ASUBUHI YA MGONJWA

Wenye nyumba wengi hukasirika wamwonapo mgonjwa amelala mpaka saa mbili, kisha adhuhuri wamkute akipika na kuzungumza. Husema: mbona sasa amepona? Yafaa waelewe kwamba hiyo ndiyo tabia yenyewe ya maradhi. Saa za kwanza za siku ni ngumu, na baadaye viungo hulegea.

Kwa hiyo kazi za nyumba zipangwe kwa kuifuata saa ya mgonjwa. Kinachoweza kufanywa jioni kifanywe jioni: maharagwe yachambuliwe na kulowekwa, nguo za watoto ziwekwe tayari, kuni zisogezwe jikoni. Asubuhi mgonjwa apatiwe beseni la maji ya uvuguvugu, yaliyopimwa kwanza kwa kiwiko ili yasimwunguze. Atumbukize mikono kwa muda wa dakika 10, na humo majini afumbe ngumi polepole, afumbue, kisha akigusishe kidole gumba na kila kidole kingine kwa zamu. Mara tano zatosha kuanzia. Kiungo kilicho kikavu na kigumu hupenda joto. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto hutulizwa zaidi na kitambaa kilicholowekwa maji baridi.

Ama shingo, ipewe joto la kitambaa na utulivu. Mazoezi ya kuzungusha kichwa kama gurudumu yasifanywe, wala mtu asijivute shingo mpaka ilie. Mazoezi ya shingo afundishwe na mtaalamu wa viungo baada ya daktari kuridhika kwamba pingili hazitelezi. Zile kola za shingo ziuzwazo madukani zisivaliwe kwa kubuni. Zile laini humkumbusha mtu asigeuke kwa ghafla, lakini hazizuii pingili iliyolegea, na zikivaliwa mchana kutwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli.

Usiku, mito miwili mitatu iliyorundikwa huinamisha shingo mpaka kidevu kikagusa kifua. Mto mmoja mwembamba wafaa zaidi, na ndani ya foronya yake pawekwe kitambaa kilichoviringwa ili kijaze lile bonde la shingo. Kulala kifudifudi hupinda shingo upande mmoja usiku kucha, kuachwe. Vilevile, mto usiwekwe chini ya magoti usiku kucha kwa sababu ya raha yake. Magoti yaliyozoea kukunjwa hufika siku yakakataa kunyoshwa.

JIKONI NA SHAMBANI

Kanuni ya kazi zote ni moja: kazi ya kiungo kidogo ipewe kiungo kikubwa. Sufuria isiinuliwe kwa vidole viwili vya mkono mmoja. Ichukuliwe kwa viganja viwili vilivyofungwa vitambaa. Bora zaidi ni kuiacha mekoni na kupakua maharagwe kwa upawa. Kikapu kipitishwe kwenye mkono chini ya kiwiko, kisining'inie vidoleni. Kifuniko cha chupa kifunguliwe kwa kukisukuma kwa kiganja. Nguo zisikamuliwe kwa kusokotwa. Zikunjwe na kukandamizwa, au zianikwe zikiwa na maji yake na jua limalize kazi.

Mpini mwembamba hulazimisha vidole kukaza. Kisu, mwiko na ufagio vizungushiwe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu, vikafungwa barabara, mpaka mpini ujae mkononi. Ni kazi ya robo saa, nayo haina gharama. Jiko lililo chini kabisa humfanya mpishi ainame na kuchungulia. Liinuliwe juu ya matofali, na mpishi apate kigoda cha kukalia. Kutwanga sombe kinuni si kazi ya mikono iliyovimba. Palipo na mashine ya kusaga majani hayo sokoni, fedha itolewayo hapo si anasa. Pasipo na mashine, kinu kipewe kijana mwenye nguvu, awe wa kiume au wa kike.

Shambani, jembe la mpini mfupi huikunja shingo na mgongo. Mpini mrefu humruhusu mkulima kusimama wima. Hata hivyo, siku ambazo viungo vimewaka, jembe lisiguswe. Siku nyingine mgonjwa afanye kazi kwa vipindi: nusu saa ya palizi, kisha kupumzika, kisha kazi ya kukaa kama kupukuchua mahindi. Asiyepumzika kabla ya kuchoka hulazimika kupumzika siku tatu baada ya kuchoka. Lakini kulala kitandani wiki nzima nako hudhoofisha misuli na kukaza viungo. Pole pole ndio mwendo, lakini mwendo lazima uwepo.

Walio maofisini nao wasidhani hayawahusu. Karani akaaye saa nzima ameinamia majalada huitwisha shingo mzigo mzito kuliko uzito wa kichwa chake. Aliye na maradhi haya ainue maandishi yake mpaka usawa wa macho kwa kuegemeza ubao juu ya vitabu viwili, asishike simu kati ya sikio na bega, na asimame kila baada ya nusu saa. Mkuu wa ofisi amruhusuye karani wa namna hiyo kuanza kazi zilizo nyepesi asubuhi, akamwachia nzito za mchana, hapotezi chochote. Amehifadhi mtumishi mwenye ujuzi.

Nchini Ufaransa aliishi mchoraji mashuhuri, Auguste Renoir, aliyefariki mwaka 1919. Maradhi haya yalimkalia kwa zaidi ya miaka 20. Mwishowe alikuwa akiketi kitini chenye magurudumu, vidole vimejikunja, mikono imefungwa vitambaa, na brashi akiwekewa mkononi na wasaidizi. Aliendelea kuchora mpaka mwisho wa uhai wake. Hatumtaji ili tumlaumu mgonjwa anayeshindwa. Twamtaja kwa sababu ya wale waliomwekea brashi mkononi: kipaji kilikuwa chake, lakini kazi iliwezekana kwa sababu nyumba yake ilijipanga upya.

DAWA NA DESTURI ZAKE

Baridi yabisi haina dawa ya kuing'oa kabisa, lakini ina dawa za kuizuia isile viungo. Anayeanza tiba katika miezi ya mwanzo huhifadhi mikono yake kuliko anayekuja baada ya miaka mitano. Hapa wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dawa iliyo nguzo ya tiba hii ni methotreksati. Msomaji asisahau neno hili: hunywewa MARA MOJA KWA JUMA, si kila siku. Wako waliopoteza maisha katika nchi mbalimbali kwa kuimeza kila siku kwa kukosea. Ichaguliwe siku moja, tuseme Jumatatu, iandikwe ukutani, na mtu wa pili nyumbani aijue. Daktari humpa mgonjwa pia asidi ya foliki, na humpima damu mara kwa mara. Mwanamke mwenye mimba au anayetarajia kushika mimba haruhusiwi kuitumia, na hana budi kumwambia daktari mapema. Pombe, hata urwarwa wa nyumbani, huungana na dawa hii kulidhuru ini. Aende kituo cha afya kwa homa au kikohozi, aseme waziwazi kwamba anatumia methotreksati, maana kuna dawa za kawaida, kama kotrimoksazoli, zisizopatana nayo.

Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, husaidia lakini hazizuii mfupa kuliwa. Zinywewe baada ya chakula, isichanganywe moja na nyingine, na zisitumiwe mwezi baada ya mwezi bila daktari kujua, kwani huumiza tumbo na figo. Choo kikiwa cheusi kama lami, zisimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali.

Iko pia prednisoloni, ambayo wengi huipenda kwa wepesi wake. Historia yake yafundisha. Mwezi wa Septemba mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa mwanamke kijana aliyelemazwa na maradhi haya dawa mpya ya kotisoni, ndugu ya prednisoloni. Siku chache baadaye aliinuka akatembea. Dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenziwe wawili. Lakini mara madhara yakaonekana: uso kuvimba na kuwa mviringo, mifupa kuwa dhaifu, sukari ya damu na shinikizo kupanda. Hadi leo dawa za jamii hii hutumiwa kwa kipimo kidogo na kwa muda uliopangwa, na aliyezizoea haachi ghafla, bali hupunguziwa na daktari.

Basi mtu akiuziwa unga wa majani usiojulikana, ukamwinua kitandani kwa siku mbili, asiharakishe kusifu. Katika nchi mbalimbali baadhi ya dawa ziitwazo za miti shamba zimekutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za jamii hiyo ya kotisoni.

CHAKULA

Hakuna chakula kinachoponya maradhi haya, wala hakuna sababu ya kumnyima mgonjwa nyama, maharagwe au chumvi zote kwa hisia tu. Ampate ndagala, maharagwe, mboga za majani na matunda, kama wengine. Ndagala aliwaye na miiba yake huimarisha mifupa. Aliye mnene akipungua kidogo, magoti yatamshukuru.

WAJIBU WA NYUMBA

Tumefika kwenye swali la binti. Maji hayana budi yachotwe, hilo twalijua. Lakini kumwachisha shule mtoto mmoja ni kuyahamisha maradhi ya mama kutoka viungoni mwake hadi katika maisha ya mwanawe. Maumivu ya mama yaweza kutulizwa kwa dawa. Miaka ya darasa iliyopotea hairudi kwa dawa yoyote.

Nyumba na iketi pamoja jioni moja na kuhesabu. Zatakiwa lita ngapi kwa siku? Nani apita karibu na kisima arudipo kazini? Baba mwenye baiskeli aweza kuleta madumu mawili kwa safari moja. Wavulana wana vichwa na mikono sawa na wasichana. Maumbile hayakuamuru kwamba maji ni kazi ya kike. Mabati ya paa, kipande cha mfereji na pipa lenye kifuniko huleta maji ya kufulia wakati wote wa masika. Jirani mwenye toroli aweza kulipwa kwa maharagwe. Na pasipokuwa na lolote kati ya hayo, maji yachotwe katika madumu ya lita 5, na kila mtoto achukue lake moja mkononi kabla ya kwenda shule.

Mwisho twasema na waume, mama wakwe na mawifi. Mtu asiyeweza kufunga kifungo asubuhi hakuchagua hali hiyo. Kumwita mvivu hakulegezi kidole hata kimoja, bali humfundisha kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mpeni nauli ya kufika hospitali kabla ya kumpa ushauri. Andikeni ukutani siku yake ya dawa. Mmoja wenu aandamane naye ili asikie kwa masikio yake maneno ya daktari, kwa maana mgonjwa peke yake husahau nusu yake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mkono uliovimba hauwezi hata kuishika kamba yake.

Juma lijalo, katika ukurasa huu huu, tutaeleza namna ya kutengeneza pipa la kuvunia maji ya mvua na kulihifadhi lisizalishe mbu. Mwenye maswali na atuandikie.